Harufu Aliyosingiziwa Mzee Arvo

Harufu haina miguu, lakini nyumbani kwa Lempi Niskanen ilikuwa imekwisha kutembea kila chumba. Ilianzia bafuni, ikaingia chumba cha kulala, ikajilaza kitandani kama mgeni asiyejua kuaga, na mwisho ikakaa sebuleni kwenye kiti cha mumewe, Arvo, kana kwamba kiti ni chake. Haikuwa harufu ya mkojo tu. Ya mkojo Lempi aliijua vizuri. Alikuwa amelea watoto watatu, na sasa alikuwa akimtunza mzee wa miaka themanini na miwili. Hii ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama tambara lililosahauliwa chini ya sinki, kama maji ya maua yaliyobaki kwenye chupa wiki mbili baada ya maua yenyewe kufa.

Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, pua yake ilikuwa imeshamwambia kwamba kazi inamngoja.

Na kazi yenyewe haikuwa na mwanzo wala mwisho. Tangu Arvo apigwe na kiharusi, majira mawili ya baridi yaliyopita, miguu yake ilikuwa haimsikii na kibofu kilikuwa hakimwombi ruhusa. Ulimi ulibaki mzima, akili nzima, hata utani wake mzima. Lakini shuka zilibadilishwa usiku, zikabadilishwa tena alfajiri. Suruali, fulana, taulo, mfuko wa mto, kifuniko cha kiti. Lempi, mwenye miaka sabini na tisa, alizibeba zote hadi kwenye ujia mwembamba nyuma ya jiko, ilipokuwa mashine ya kufulia, akazisukuma ndani ya ule mlango wa duara, akamimina sabuni, akabonyeza kitufe. Zikitoka, alizitia kwenye mashine ya kukaushia. Zikikauka, alizikunja. Akimaliza kukunja, Arvo anaita.

Jumapili iliyopita Marlys, binti yao mkubwa, alikuja kutoka Houghton kula nao chakula cha mchana. Lempi alikuwa ameoka chapati nene ya maziwa na mayai, ile anayoipenda Marlys tangu utotoni. Marlys alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Kisha akainuka, akafungua dirisha, mwezi wa Januari, theluji imefika kwenye kizingiti.

"Unatuua kwa baridi," Arvo akasema.

"Hewa kidogo tu, baba."

Baadaye, jikoni, akafunga mlango na kusema kwa sauti ya chini, sauti anayotumia na wagonjwa kwenye ofisi ya daktari wa meno anakofanya kazi. "Mama, baba ananuka."

"Nimemwogesha asubuhi hii hii."

"Ndiyo nisemavyo. Umemwogesha asubuhi, na saa sita ananuka. Si yeye tu, nyumba nzima. Mume wangu alikataa kuja, unajua sababu?"

"Mume wako hajawahi kupenda mapishi yangu."

"Mama, nakusemesha kwa uzito." Akatoa karatasi ya rangi kwenye mkoba, tangazo la nyumba ya kutunzia wazee, picha ya wazee wamezunguka keki, wote wanacheka kama waliofundishwa. "Wana chumba kimoja kitupu. Wamenishikia mpaka Jumatatu ijayo. Nitarudi Jumapili. Nikikuta hali ni hii hii, baba ataenda."

"Utambeba kama kabati?"

"Usinifanye mimi mbaya. Hebu jiangalie. Huwezi tena."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Lempi angeweza kumwambia hivyo. Kilichomuuma si maneno ya binti, bali kwamba pua yake mwenyewe ilikuwa upande wa binti.

Basi wiki ile alifua na kusugua kama mtu aliyepewa hukumu. Jumatatu alimwogesha Arvo mara mbili. Jumanne mara mbili, na siku hiyo akatumia brashi. Mzee akashika ukingo wa beseni.

"Lempi, unanisugua kama sufuria iliyoungulia uji."

"Tulia."

"Ngozi hii ndiyo niliyonayo. Sina nyingine kabatini."

Alimkausha, akamvika nguo safi iliyokunjwa. Akainama kufunga kifungo cha juu. Harufu ile ile. Ilikuwa imemrudia mwilini kabla maji hayajakauka sakafuni.

Arvo aliiona sura yake. Masikio yake nayo yalikuwa mazima, na ukuta wa jiko lile ni wa mbao nyembamba.

"Mimi nanuka?" akauliza.

Miaka hamsini na sita ya ndoa walikuwa hawadanganyani mambo makubwa. "Kidogo," akasema.

Alijuta palepale. Kuanzia siku hiyo Arvo aliomba kiti chake kisogezwe karibu na mlango. Jumatano akataka kulia chakula chumbani peke yake. Alipopelekewa kahawa na mkate wa iliki, alisema, "Weka hapo tu," bila kumtazama, na Lempi aliweka hapo tu. Alitoka akaegemea friji kwa muda, hakulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Alirudi kwenye mashine. Kama sabuni kikombe kimoja haikutosha, atatia kimoja na nusu. Juu yake akamimina ile dawa ya buluu ya kulainisha nguo, yenye picha ya maua, mpaka povu likapanda kwenye kioo cha mlango kama maziwa yanayotaka kumwagika. Kila alipomaliza, aliusukuma mlango kwa nyonga ukafunga *tak*. Hilo lilikuwa tangu mwanzo. Mama yake alimfundisha kwamba nyumba yenye milango iliyoachama ni nyumba ya mvivu. Na zaidi ya hapo, ujia ule ni mwembamba, na wakati fulani fremu ya kutembelea ya Arvo ilijikwaa kwenye mlango ulio wazi, nusura mzee avunje nyonga. Kwa hiyo, *tak*, kila siku, miaka miwili.

Jumamosi ikafika. Na Jumamosi, kwa watu wa kule, ni siku ya sauna, bafu la mvuke, hata mbingu ikianguka.

Sauna ya Niskanen ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, kina vyumba viwili: kidogo cha kuvulia nguo, na cha ndani chenye jiko la kuni na mawe juu yake. Tangu kiharusi, Lempi hakuweza kumpeleka Arvo peke yake. Kila Jumamosi saa tisa alasiri alikuja Sulo Ranta, rafiki wa Arvo tangu ujana wao mgodini, mjane, mwenye miaka sabini na sita na mabega ambayo bado yalikataa kuzeeka. Arvo aliketishwa kwenye kile kigari cha kuburuta kuni juu ya theluji, akafungwa blanketi, na Sulo akamvuta.

Siku ile Arvo alikataa.

"Nimeoga jana na juzi. Nimeoga mpaka nimepungua."

"Nimeuliza kama umeoga?" Sulo akasema, amesimama mlangoni na buti zake zimejaa theluji. "Jiko limewaka tangu saa saba. Mawe yanakungoja wewe."

"Nenda peke yako. Sitaki kukukalia karibu."

"Kwa nini, nimekukosea?"

Arvo akageuza uso. Lempi, nyuma ya kiti cha Arvo, akagusa pua yake kwa kidole na kutikisa kichwa. Sulo akaelewa, akacheka kwa sauti kubwa makusudi.

"Ahaa! Tangu lini wewe ukanukia marashi? Tulipokuwa chini kule mgodini ulinuka kama beberu, na hakuna aliyekuhamisha. Panda kigari, mzee, kabla sijakubeba mgongoni, majirani wakaona."

Arvo akapanda. Lempi akafuata nyuma na taulo nne mikononi, zilizofuliwa asubuhi ile. Alizitundika kwenye kamba katika chumba cha kuvulia, ukutani upande wa jiko, zipate joto kumngojea mzee. Kisha akaketi kwenye benchi na koti lake mwilini. Ukiacha kanisa, ilikuwa nusu saa pekee ya wiki ambayo hakuna aliyemwita.

Kupitia mlango wa mbao aliwasikia. Maji yakimwagwa kwenye mawe, *tsssh*, pumzi za wazee wawili, majani ya fagio la matawi la kujichapia wakati wa kuoga yakipiga migongo. Kisha sauti ya Arvo, ya kwanza yenye uhai tangu Jumanne:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Napanda ngazi nimevaa, nashuka nimevuliwa, na sijaguswa na mtu."

"Viazi."

"Viazi vinapanda ngazi gani, mjinga wewe? Nipe mji."

"Chukua Detroit."

"Nilikwisha kaa kule, sirudi. Nipe mwingine."

"Chukua Chicago, na upepo wake."

"Haya. Jibu ni maji. Yanapanda kama mvuke, yanashuka kama matone."

"Huo ni uongo mtupu. Mvuke ndio uliovaa, au matone?"

Lempi akatabasamu, macho yamefumba. Karibu alale. Joto la ukuta lilikuwa limeanza kufika kwenye taulo, na harufu ile ikaanza kuamka pale kwenye kamba. Lakini yeye alikuwa ameizoea kiasi kwamba alidhani ameileta mwenyewe kwenye nguo zake.

Mlango ukafunguka. Sulo akatoka amemshika Arvo kiunoni, wote wawili wekundu kama kamba waliochemshwa, wanafuka moshi. Lempi akainuka, akampokea mumewe kwa mikono miwili. Mzee alikuwa mzito na mwenye utelezi wa maji, akamwegemea, na shingo yake ikaja moja kwa moja kwenye pua ya mkewe.

Lempi akangoja.

Hakukuwa na kitu. Moshi wa kuni kidogo. Majani mabichi. Ngozi. Akanusa nyuma ya sikio, kama mtu anusavyo mtoto mchanga. Akanusa kwapani, bila aibu, Sulo akimtazama. Hakuna. Arvo wake, yule yule wa miaka yote.

"Nimefanya nini?" Arvo akauliza.

Lempi akanyosha mkono, akavuta taulo moja, ya moto, safi, haijaguswa na mwili wa mtu tangu ifuliwe, akamtupia mabegani. Harufu ikamrukia usoni kama paka.

Akaiondoa taulo. Harufu ikaenda nayo. Akairudisha. Ikarudi.

"Lempi," Arvo akasema, meno yanagongana, "nipe taulo au nipe jeneza. Baridi inaniua."

"Ngoja! Ngoja kidogo." Aliiweka taulo usoni mwake mwenyewe, akavuta pumzi hadi chini, akakohoa. Akampa Sulo. Sulo akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye mashine. Leo asubuhi."

"Basi anayejikojolea ni mashine, shemeji, si mwenzangu huyu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na Lempi alikuwa ameisema methali hiyo maisha yake yote bila kufikiri kwamba nguo zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazokula. Sulo alitungua shati lake la sufu msumarini, akamfunika rafiki yake. Arvo alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anamtazama mkewe.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa nakuosha ukawa safi, halafu nakuvika ule uchafu wenyewe." Akataka kuendelea, akaona, pale shati lilipoteleza, mgongo wake ulivyochubuka kwa brashi, mistari miwili ya waridi juu ya bega. "Nimekuchubua bure."

Arvo akajivutia lile shati kifuani. Kisha akasema, "Nirudishie kiti changu pale kilipokuwa. Kule mlangoni upepo unaniingia masikioni."

Sulo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kituo kikubwa cha kufulia nguo za hospitali, akitengeneza mashine zenye matumbo ya kumeza ng'ombe. Walipomfikisha Arvo jikoni na kumpa kahawa, alipiga magoti ujiani, magoti yakalia, akafungua mlango wa mashine. Akaingiza vidole kwenye ule mpira mnene unaozunguka mlango, akaukunjua.

Lempi hakuwahi kujua kwamba mpira ule unakunjuka.

Ndani ya mkunjo mlikuwa na ute mweusi, unang'aa kama konokono. Nywele. Uzi. Soksi moja ya mtoto, ya mjukuu, iliyokwisha kuwa si soksi tena.

"Shemeji," Sulo akasema polepole, "umepika nini humu?"

"Mimi nafunga na kufungua. Sikujua kuna chumba kingine."

"Sabuni unatia kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kikombe kipi?"

Lempi akamwonyesha kikombe cha kahawa cha buluu. Sulo akaanza kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha. "Ile mashine yako ya kwanza, ya kufungulia juu, ilikuwa na maji tele, kikombe kilikuwa sawa. Hii inafulia maji ya kuloweshea ndevu. Vijiko viwili tu, basi. Ukitia kikombe, sabuni haitoki. Inabaki humo kwenye kuta, inashika uchafu, inavunda. Na maji?"

"Baridi. Aliyeileta alisema baridi yatosha."

"Yatosha kwa shati la mtu anayekaa mezani. Si kwa shuka za Arvo. Haya, na mlango unaufunga?"

"Kila mara."

"Basi umekuwa ukifuga kinamasi."

Ilikuwa ajabu, Lempi aliwaza: wiki nzima, mwezi mzima, kadiri nguo zilivyonuka ndivyo alivyoongeza sabuni, na kadiri alivyoongeza sabuni ndivyo zilivyonuka. Amekuwa akizima moto kwa mafuta ya taa, na akijisifu kwamba hachoki kubeba debe.

Chini ya mashine, upande wa kulia, kulikuwa na kijimlango alichodhani ni pambo. Sulo akaweka sinia la kuokea mikate chini yake, akazungusha kifuniko ndani. Maji yakatoka, ya kijivu, mazito, na harufu yake ikamfanya Arvo, kule mezani, aweke kikombe chini.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye aliyekuwa akijiita mimi."

Kwenye chujio mlikuwa na kifungo, pini mbili za nywele, na bonge la sufi lililoshikana kama panya. Lempi alimwaga sinia mara nne. Kisha akaleta siki na dawa ya klorini, zote mbili, moja kila mkono. Sulo akamnyang'anya chupa ya siki.

"Moja tu! Ukizichanganya hizi zinatoa moshi wa sumu. Marlys akija kesho atakuta ana chumba kimoja kitupu na nyumba nzima tupu."

Wakafungua dirisha. Lempi alivaa glavu za mpira, akapiga magoti pale alipotoka Sulo, akasugua mikunjo ya ule mpira kwa tambara lenye klorini na maji, tena, tena, mpaka tambara likatoka jeupe. Kijidroo cha sabuni nacho kilitoka kizima, hata hilo hakulijua. Nyuma yake kulikuwa na ukungu mweusi kama masizi ya chungu, na dawa ya buluu imeganda kama mafuta ya nyama. Akakisugua kwa mswaki wa zamani. Mgongo ulimuuma mahali pale panapouma kila siku, kisha mahali pengine papya.

"Kitendawili," Arvo akasema kule mezani.

"Tega," Sulo akajibu, yuko katika chumba cha chini ya nyumba anaangalia hita ya maji.

"Huosha kila mtu, na hakuna amwoshaye."

"Mashine ya kufulia!"

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Milwaukee."

"Jibu lake limepiga magoti hapa mbele yangu."

Lempi alisikia. Hakugeuka. Alisugua kona ile ile ya kijidroo muda mrefu, ingawa ilikwisha takata.

Sulo akapanda ngazi. "Nani aliyeshusha joto la hita hii mpaka hapa? Maji haya hayawezi kuchemsha hata yai la njiwa."

"Mimi," Arvo akasema. "Mwaka ule gesi ilipopanda bei. Nilisahau kuipandisha."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili hivi."

Waliipandisha. Wakatia klorini kwenye mashine tupu, wakaiwasha kwa maji ya moto kuliko yote, wakaketi mezani kuitazama kupitia kioo kama watu wanaotazama mchezo. Povu lilitoka. Hakuna nguo ndani, hakuna sabuni iliyotiwa, na bado povu likapanda nusu ya kioo. Hilo lilikuwa la vikombe vya miaka miwili. Wakarudia kwa maji matupu. Mara ya tatu kioo kikawa safi. Sulo akaondoka, na kabla ya kuondoka akafunga kamba kutoka kitasa cha mlango wa mashine hadi kwenye msumari ukutani, fupi, ili mlango ubaki wazi upana wa ngumi moja tu, hewa ipite na fremu ya Arvo isinaswe.

Siku iliyofuata Lempi hakwenda kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kwanza kukosa tangu kiharusi. Kuanzia alfajiri alifua: shuka zote, mifuko ya mito, kifuniko cha kiti, nguo za kulalia, fulana, mapazia hata, kwa maji ya moto na vijiko viwili, akivipima kama dawa ya mtoto. Taulo mbili za zamani hazikukubali. Alizifua mara mbili, akazinusa zikiwa moto, akazitupa kwenye pipa. Kufikia saa tano alikuwa akikunja shuka la mwisho amesimama, na alipolipeleka usoni halikumwambia chochote. Lilinyamaza tu.

Alipaswa kufurahi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na shuka mapajani akashindwa kuinuka kuliweka kabatini.

Marlys akaingia saa sita na nusu, mkoba begani, ile karatasi ya wazee na keki imechomoza. Akasimama kizingitini. Pua yake ikafanya kazi kabla ya mdomo.

"Mmemwaga nini humu?"

"Salamu kwanza," Arvo akasema kutoka kwenye kiti chake, mahali pake pa zamani, katikati ya sebule.

"Shikamoo baba." Akamwinamia, akambusu kichwani, na kule kuinama kukawa kurefu kuliko busu. Akanusa bega. Akanusa kiti. Akapita chumbani, Lempi akamsikia akiinua mto, akaushusha. Akarudi. "Mama, umempaka nini?"

"Sijampaka kitu. Njoo."

Akamwonyesha mashine, kamba, mpira uliokunjuliwa, chujio lililokauka juu ya gazeti pamoja na pini mbili na kifungo. Akamweleza kikombe, maji baridi, taulo kule sauna. Alieleza kwa kifupi, kwa sauti bapa, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Marlys alisikiliza amekunja mikono, kisha mikono ikafunguka yenyewe.

"Mashine niliyokununulia mimi," akasema.

"Nzuri sana. Haina kosa."

"Nilimwambia baba yangu mwenyewe kwamba ananuka."

"Uliniambia mimi. Ila alisikia."

Marlys akaketi, akajishika paji la uso. Alikaa hivyo mpaka Lempi akammiminia kahawa. Hatimaye akatoa ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaisukuma chini ya kisahani. "Sawa. Kesho nitawaambia chumba wampe mtu mwingine."

Hayo ndiyo maneno Lempi aliyoyapigania wiki nzima kwa magoti na mikono. Alipoyasikia, alitafuta furaha moyoni akakuta kitu kingine kimesimama pale, kimya, kama mtu aliyekuwa nyuma ya foleni ya harufu akingoja zamu yake.

"Marlys."

"Naam, mama."

"Harufu imekwisha. Uchovu haujaisha." Akaweka mikono juu ya meza, ngozi yake imekunjamana na kuwa nyeupe kwa klorini. "Jumapili ile uliponiambia siwezi, nilikuchukia. Nisingekubali hata kwa kisu, maana ningekubali ungemchukua. Leo humchukui, kwa hiyo nakwambia. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka usingizi wenyewe umekuwa kazi."

Marlys akaitazama ile mikono. Sauti yake ya ofisi ya daktari isingeweza kujibu neno kama lile. Alikuwa bado anatafuta sauti nyingine, Arvo alipoita sebuleni.

"Lempi? Lempi, samahani. Imetokea."

Lempi akaweka viganja mezani, akaanza kujiinua, kama alivyojiinua mara elfu.

"Kaa," Marlys akasema.

"Hujawahi kumfanyia. Mguu wake wa kushoto…"

"Mama, kaa."

Akakaa. Akasikia fremu ikikwaruza sakafu, hatua za wawili, mlango wa bafu. Maji yakafunguliwa.

"Si hivyo, mwanangu. Mguu huu kwanza."

"Huu?"

"Huo ni wa kwako. Huu hapa. Na mama yako huanza na soksi."

"Mimi si mama."

"Naona. Mama yako mikono yake haina barafu."

"Baba, shika hapa. Hapa! Usiniangukie."

"Nikikuangukia utanipa mji gani?"

Kitu kikaanguka, beseni labda. Kiuno cha Lempi kilikwisha kutoka kwenye kiti nusu, akakirudisha. Kisha Marlys akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyelowa, na Arvo akamfuata. Lempi aliitazama kahawa yake ikipoa. Alijua taulo zipi ziko kwenye rafu ipi, na kwamba Marlys atachukua ile isiyofaa. Hakusema.

Ikachukua muda mara tatu ya unaomchukua yeye. Marlys alirudi mikono imelowa hadi viwikoni, nywele zimemwangukia usoni, na furushi la nguo kifuani. Alisimama nalo bila kujua aliweke wapi.

"Alhamisi nakuja," akasema. "Nalala hapa."

"Na kazi yako?"

"Ijumaa siingii, nitawaambia. Kila Alhamisi, mama. Si wiki hii tu."

Lempi alikuwa na jibu lake la siku zote mdomoni, lile la *usijisumbue, tunajiweza*. Lilikuwa limemfika hadi kwenye meno. Akalimeza.

"Basi uje mapema, ulale mapema," akasema. "Huwa anaamka saa kumi na moja alfajiri."